Katibu Kim Ana Nini? Jibu kwa katibu muhtasi aliyemaliza episodi 16 kwa siku nne

SWALI: Mimi ni katibu muhtasi, huu mwaka wa kumi na moja, kwenye ofisi moja mjini Morogoro. Mdogo wangu aliniwekea kwenye flashi tamthilia ya Kikorea, What's Wrong with Secretary Kim. Nikasema ngoja nitazame moja nilale. Nimemaliza zote 16 kwa siku nne, kazini nikawa nasinzia juu ya kibodi. Mume wangu ananicheka, anasema bosi ninayemjua mimi ni yule wa kunituma vocha, huyu wa kwenye TV nimemtoa wapi. Na kweli mabosi nawajua. Bosi akianza kusifia gauni lako, kinachofuata unakijua. Sasa mbona hii sikuikasirikia? Ina nini ndani yake? Na kwa nini mwishoni yule dada hakuacha kazi? Hilo limenikera mpaka leo.

JIBU: Dada yangu, pole kwa usingizi. Na shemeji asicheke sana. Ninafundisha vijana kuandika miswada ya tamthilia, na wanaume wa darasani kwangu wameikesha hiyohiyo kwa kisingizio cha "utafiti". Wasomaji wengine ambao hamjaitazama mnisamehe, kwa sababu siwezi kumjibu dada huyu bila kumwaga siri zote.

Kwa ufupi, ili twende pamoja. Tamthilia hii ilirushwa na tvN, chaneli ya kulipia ya Korea Kusini, kila Jumatano na Alhamisi, kuanzia tarehe 6 Juni hadi 26 Julai 2018. Mwongozaji ni Park Joon-hwa. Chanzo chake ni riwaya ya mtandaoni ya Jeong Gyeong-yun ya mwaka 2013, iliyogeuzwa katuni ya kusomwa kwenye simu, na ndipo ikafika kwenye TV. Park Seo-joon ni Lee Young-joon, makamu mwenyekiti wa kampuni kubwa ya familia yao, mwanamume anayejipenda kiasi kwamba akipita mbele ya kioo lazima ajisalimie. Park Min-young ni Kim Mi-so, katibu wake kwa miaka tisa. Siku moja Mi-so anamwambia anaacha kazi. Basi. Kila kinachofuata kinatoka hapo. Mwaka 2024 Wafilipino nao waliitengeneza upya kwa waigizaji wao, na ilisafiri vizuri tu, maana makatibu wapo kila nchi.

Nianze na jina, maana jibu lako karibu lote limelala humo. Kwa Kikorea tamthilia inaitwa Kim biseo-ga wae geureolkka. Biseo ni katibu. Ukiileta kwenye Kiswahili cha ofisini inakuwa kama "Katibu Kim ana nini huyu?" Sasa jiulize nani anauliza. Ni bosi. Na anapouliza, hamtaji mtu, anataja cheo. Korea ukiwa kazini unaitwa kwa jina la ukoo na cheo chako, na Kim ni jina la ukoo la karibu Mkorea mmoja kati ya watano. Kwa hiyo "Katibu Kim" ni nani? Ni yeyote. Ni kiti chenye mtu juu yake. Waandishi walijua wanachofanya, kwa sababu msichana anayeletwa kumrithi Mi-so naye anaitwa Kim, Kim Ji-ah. Ofisi ingeweza kuendelea kusema "Katibu Kim, niletee kahawa" bila kubadilisha hata neno. Jina lake mwenyewe, Mi-so, maana yake ni tabasamu, na tabasamu ndilo analolivaa kazini kila siku kama sare.

Mimi naiona tamthilia nzima, vichekesho vyake, mabusu yake na ile siri ya utotoni, kuwa inauliza jambo moja: huyu ni kiti au ni mtu? Na wewe, miaka kumi na moja mbele ya mlango wa mkubwa, ulilisikia swali hilo kabla mimi sijaanza kulichambua.

Nikupe kisa changu. Kabla ya kuandika nilifanya kazi masjala, ofisi fulani, miaka sita. Siku niliyopeleka barua ya kuacha kazi, mkuu wangu aliisoma taratibu, akavua miwani, akaniuliza: "Sasa ufunguo wa kabati la mafaili unamwachia nani?" Hakuuliza naenda wapi. Hakuuliza kama kuna jambo limenikuta. Nilimwambia utabaki kwenye droo ya juu, akaridhika, akasaini.

Sasa mtazame Young-joon. Anaambiwa habari ileile, na mwanzoni anajibu kama mkuu wangu, yaani hajali, atatafutwa mwingine. Halafu usingizi unakataa. Anakwenda kwa rafiki yake Park Yoo-sik, ambaye ndoa yake imevunjika na sasa anatoa ushauri wa mapenzi kwa ujasiri wote, wanakaa kuchambua kwa nini Katibu Kim anaondoka. Anampandia dau kwa cheo na marupurupu. Dau likikataliwa, anatangaza kwamba atamuoa, kwa sauti ya mtu anayetoa ofa ya mwisho kwenye mnada, na anashangaa kweli kwamba hajashangiliwa. Tunacheka. Lakini chini ya kicheko kuna kitu kinachokuna mahali ambapo mkono wako haufiki. Kwa miaka tisa Mi-so ndiye aliyekuwa akimsoma Young-joon: ratiba yake, hasira zake, anachokula, asichotaka kukiona, mkunjo wa tai yake. Sasa mtihani umegeuzwa. Bosi ndiye anayeulizwa maswali. Katibu wako anapenda nini? Ana ndugu wangapi? Mshahara wake ulikuwa unakwenda wapi? Na huyu bwana aliyekuwa wa kwanza katika kila kitu maishani anapata sifuri.

Hapo ndipo uliponaswa, dada yangu. Shemeji anadhani ulikuwa unaota bosi tajiri. Ulichokuwa unakitazama ni mtu mwenye madaraka akilazimika, kwa mara ya kwanza, kuijua thamani ya kazi aliyokuwa akifanyiwa. Mapenzi yamekuja kama gari tu la kuibebea ndoto hiyo. Ndoto ya kupendwa na tajiri tamthilia za Kikorea wanayo tangu zamani, na nyingine tumezitupa baada ya episodi mbili. Ndoto ya kutambuliwa kazi ni adimu zaidi.

Zile scenes za makabidhiano huwa nazirudia darasani. Mi-so anamfundisha Ji-ah kazi, na kadiri anavyoeleza ndivyo mtazamaji anavyoona ukubwa wa mzigo. Hakuna hotuba ya "mimi nimeitumikia kampuni hii". Unamwona binti mgeni akizama kwenye maelekezo mpaka macho yanamtoka, na hesabu unaipiga mwenyewe. Kijana anayejifunza uandishi angemwandikia Mi-so machozi na ukurasa mzima wa malalamiko. Hapa kazi inajieleza kwa kukabidhiwa. Wewe ungekabidhi leo ofisi yako kwa mgeni, ungehitaji siku ngapi?

Halafu kuna jambo la familia, ambalo naamini liliwagusa watazamaji wa kwetu kuliko hata Wazungu wanaoandika sifa za tamthilia hii. Mi-so ni kitindamimba. Ana dada wawili, wote madaktari, na baba mwanamuziki mwenye madeni. Aliyefanya kazi ili wakubwa wake wasome udaktari na madeni yalipwe ni yeye, mdogo. Anaacha kazi akiwa na miaka 29, mara tu mzigo unapoisha, kwa sababu siku aliyomaliza kulipa alijitazama akakuta hajui yeye mwenyewe anataka nini. Ni watu wangapi unawajua walioanza kuajiriwa kwa ajili ya ada za wadogo zao, wakaja kushtuka wana miaka arobaini? Tamthilia hailifanyi jambo hili kuwa msiba. Linasemwa haraka, karibu kwa aibu, kama sisi tunavyolisema.

Sasa hasira yako ilikwenda wapi? Hili linahitaji kurudi Korea yenyewe, mwaka 2018.

Wakorea wana neno gapjil. Limetoka kwenye mikataba: gap ni upande wa kwanza, eul ni upande wa pili. Gapjil ni ile tabia ya upande wa kwanza kumnyanyasa upande wa pili kwa sababu tu anaweza. Neno hili lilivuma sana baada ya Desemba 2014, pale binti wa familia inayomiliki Korean Air alipoifanya ndege iliyoanza kuondoka uwanja wa JFK, New York, irudi getini kwa sababu karanga za makadamia aliletewa zikiwa kwenye pakiti badala ya sahani. Januari 2018 mwendesha mashtaka Seo Ji-hyeon alikaa mbele ya kamera za televisheni akaeleza jinsi mkubwa wake alivyomshikashika, na nchi nzima ikaanza kusimulia yake. Na tarehe 1 Julai 2018, Jumapili, ikaanza kutumika sheria iliyoshusha kikomo cha saa za kazi kwa wiki kutoka 68 hadi 52 kwa kampuni zenye wafanyakazi 300 na zaidi. Angalia kalenda: Jumapili hiyo ilikuwa katikati kabisa ya tamthilia, kati ya episodi ya 8 na ya 9. Watu walikuwa wanamtazama katibu aliyeuza ujana wake kwa ofisi, katika wiki zilezile ambazo serikali ilikuwa inaziambia kampuni kubwa mwacheni mtu arudi nyumbani. (Kwetu sheria ya ajira ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki. Najua unacheka.)

Katika hali hiyo, ukileta kwenye skrini bosi anayemwandama katibu wake, utapigwa mawe. Waandishi wakafanya mambo mawili. La kwanza nimeshalisema: waligeuza gap na eul. Barua ya kuacha kazi inampa upande wa pili kalamu. Kila Young-joon anapombembeleza, mwenye uwezo wa kusema hapana ni Mi-so, na anausema mara nyingi, kwa tabasamu lake la kikazi ambalo sasa limekuwa silaha.

La pili ni la kiufundi, na hapa nawavulia kofia. Walimfunga bosi mikono. Nakumbusha: utotoni Young-joon alitekwa na mwanamke mmoja, akafungwa miguu kwa zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, na makovu anayo kwenye vifundo mpaka leo. Akiona kamba hizo anatetemeka. Na anapojaribu kumbusu Mi-so mara ya kwanza, picha za yule mwanamke zinamjia, anausukuma mbali kile kiti cha magurudumu alichokalia mwenzake. Kiti kinaserereka, Mi-so juu yake na macho yake yamefumbwa bado. Ni kichekesho cha hali ya juu, lakini tazama kazi nyingine kinayoifanya: bosi huyu mwili wake wenyewe unamkatalia kumgusa mtu. Hatari unayoijua wewe, ile inayoanza na sifa za gauni, imeng'olewa meno kabla hujaanza kuihofia. Ndiyo maana hukukasirika. Sheria yetu ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja kuwa kosa hali ya mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote, na sisi tunaita rushwa ya ngono bila kutafuna maneno. Young-joon ameandikwa kwa namna ambayo kifungu hicho hakimkaribii. Ni bosi wa kubuni kwelikweli, kama farasi mwenye mbawa. Usiende Jumatatu ukamtafuta kwenye korido.

Lipo jambo jingine ambalo nasikitika huwezi kulipata kwenye maandishi ya chini wala kwa wale ma-DJ wanaotafsiri juu ya sauti, nalo ni ngazi za lugha. Kikorea kina mwisho wa kitenzi wa heshima na mwisho wa kawaida, na kila sentensi lazima uchague. Bosi anamwambia katibu kwa lugha ya kawaida, katibu anajibu kwa lugha ya heshima, na anamwita buhoejang-nim: makamu mwenyekiti, kisha nim ya adabu. Sisi mizani hiyo tunayo, ila tunaiweka pengine: kwenye shikamoo, kwenye "naomba" na "nilikuwa naulizia kama", kwenye kusema "bosi" hata kwa mtu uliyemzidi umri. Fikiria ulivyozoea kumsemesha mkubwa wako kwa miaka kumi na moja, kisha ghafla mmekuwa wapenzi. Utamwitaje? Mdomo utakubali? Nusu ya utamu wa episodi za katikati uko hapo, kwenye cheo kinachotamkwa na mtu ambaye jana alikuwa anabembelezwa. Cheo kilekile, sauti nyingine. Mtafsiri akiandika "mpenzi" anakuwa ameua scene, afadhali angeacha "bosi" na kumwachia mwigizaji.

Kama unaweza, rudia zile scenes za tai. Asubuhi Mi-so anamfunga bosi wake tai, mikono iko shingoni, macho yako kwenye fundo. Mwanzoni ni kazi kama kupanga mafaili. Baada ya habari ya kuacha kazi, hakuna kilichobadilika kwenye mikono yake hata kidogo, lakini sasa huwezi kupumua. Hawakuhitaji muziki mpya wala mvua wala mtu kuanguka mtu akamdaka, ingawa hayo nayo yamo, mengine kwa wingi kuliko nilivyopenda. Nguo za Mi-so, nyimbo, magari: vimefanywa kwa ustadi, sina la kuongeza.

Wale wafanyakazi wengine wa ofisi usiwadharau. Kuna yule kijana anayevaa suti ileile kila siku, wako Bong Se-ra na Yang Cheol na mapenzi yao ya kujificha. Wamewekwa ili ofisi iwe na watu wanaochoka na wanaoogopa. Bila wao, hadithi ingekuwa ya tajiri na mrembo kwenye jumba tupu, na wewe usingekuwa na pa kukaa.

Nimesifu vya kutosha, sasa niigombeze. Siri ya utotoni inafichua kwamba Mi-so naye alitekwa siku zile, akiwa mtoto mdogo, na kaka aliyemlinda humo ndani ndiye Young-joon. Si Sung-yeon, kaka mkubwa wa Young-joon, mwandishi wa vitabu, aliyekuja kuamini kwamba aliyetekwa ni yeye. Young-joon zamani aliitwa Sung-hyun. Alijifanya amesahau kila kitu ili familia isivunjike, na jina likabadilishwa. Kwa upande wa hadithi hii imekaa vizuri mno: mtu anayewaita wote kwa vyeo naye jina lake alilizika. Lakini inafuata kwamba miaka tisa iliyopita alimwajiri Mi-so kwa sababu alimtambua. Unaona tatizo? Tumekaa episodi kumi tukishangilia mfanyakazi aliyepata nafasi yake kwa jasho, halafu tunaambiwa nafasi yenyewe ilikuwa zawadi ya mtu anayemfahamu. Kwa mpenzi wa riwaya ni jibu tamu: hakuwa kiti kamwe, tangu siku ya kwanza alikuwa mtu. Kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la usaili akasubiri, ni kofi. Wanafunzi wangu hubishana hapa kila mwaka, na mimi kila mwaka naondoka na upande tofauti. Mwaka huu niko na watu wa benchi.

Pia inafumbia macho jambo la fedha. Young-joon ni mtoto wa mwenye kampuni, na hakuna anayeuliza kwa nini yeye ni makamu mwenyekiti akiwa kijana vile. Ni mzuri, ni mwerevu, yameisha. Katika tamthilia za Kikorea za ofisini utajiri wa familia ni kama hali ya hewa, upo tu. Hata Business Proposal ya SBS, ya mwaka 2022, ambayo mdogo wako akiwa na flashi yenye nafasi atakuletea, imefuata njia hiyohiyo: mfanyakazi wa kawaida, bosi mjukuu wa mwenye mali. Ni fupi, episodi 12, na ina mbio kuliko hii. Kichekesho chake ni kizuri. Uchungu wa kazi haimo.

Sasa swali lako la mwisho, la kwa nini hakuacha kazi. Mimi nilikerwa kama wewe mara ya kwanza. Tumefungua na barua ya kuacha kazi, basi tunataka tumwone anatoka na boksi lake. Badala yake anagundua kwamba kazi yenyewe anaipenda na anaiweza, anabaki. Anaolewa na bosi, bado ni Katibu Kim.

Nilibadilisha mawazo baada ya kujifunza neno gyeongdannyeo. Wakorea wanalitumia kwa mwanamke ambaye kazi yake ilikatika kwa sababu ya ndoa, mimba au malezi. Kuwepo kwa neno maalumu kunakuambia wapo wangapi. Zamani baadhi ya benki za huko ziliwasainisha wasichana ahadi kwamba wakiolewa wataacha kazi. Na mpaka leo tofauti ya mshahara kati ya wanaume na wanawake wa Korea, ya karibu asilimia 30, ndiyo kubwa kuliko zote katika nchi za OECD, ule umoja wa nchi ambazo nyingi zimeendelea kiuchumi. Kwa mtazamaji wa Seoul, mwanamke anayeolewa na tajiri kisha akaacha kazi ni habari ya kila siku, tena ndicho mama mkwe anachokitarajia. Mwanamke anayeolewa na tajiri, kesho yake akarudi kwenye meza yake kwa sababu anaipenda meza yake, huyo ndiye anayeshangaza. Sisi tuliotazama kutoka mbali tulisoma kubaki kwake kama kushindwa. Kule kuondoka ndiko kungekuwa kushindwa.

Hata hivyo nakuachia hasira yako kidogo, maana na mimi nimebakiza yangu. Katibu wa miaka tisa, anayejua kampuni kuliko wakurugenzi wake, mumewe ni makamu mwenyekiti, na hakuna aliyemkalisha kwenye kiti cha maamuzi? Mwanzoni bosi alimtajia cheo kikubwa ili asiondoke. Alipokubali kubaki, cheo kikaishia wapi? Hapo waandishi waliogopa, au walichoka.

Ukitaka dawa ya hilo, tafuta Misaeng ya mwaka 2014, ya tvN pia, episodi 20. Mapenzi ya kutajika hayamo. Kuna Jang Geu-rae, kijana wa mkataba kwenye kampuni ya biashara ya nje, hana digrii, na anaitwa kila jina isipokuwa lake. Kuna Ahn Young-yi, mwerevu kuliko wote aliofika nao, anayetumwa vitu vya hovyo na wakubwa wa idara yake. Na kuna bosi mmoja mwanamke, mama, anayekimbizana na saa ya kumchukua mtoto chekechea. Hiyo tazama na shemeji, sidhani kama atacheka. Ila msianze Jumapili usiku.